Sakafu ya Chumba cha Kugandishia Samaki: Ardhi ya Dar es Salaam Si Baridi

Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, mtu akirudi nyumbani na jua la saa nane mara nyingi hana hamu na kitanda. Hutandika kanga sakafuni, au huacha hata kanga, akajilaza juu ya vigae na kuona raha. Kutokana na raha hiyo tumejijengea imani kwamba ardhi ya hapa ni baridi. Imani hiyo haimdhuru anayetafuta usingizi, lakini kwa anayejenga chumba cha kugandishia samaki ni imani ya gharama kubwa, kwa sababu ndiyo inayowafanya mwenye fedha na fundi wake wakubaliane, bila mabishano yoyote, kuweka kihami joto kinene, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite kwa urahisi, ukutani na darini huku sakafu ikiachwa kuwa zege tupu juu ya kifusi.

Hoja inayotolewa kuitetea sakafu hiyo ni fupi: joto hupanda, baridi hushuka, kwa hiyo chini hakuna cha kuzuia. Kinachopanda kwa kweli ni hewa ya moto, kwa kuwa hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi kuliko ile inayoizunguka. Ndani ya kitu kigumu kama zege au udongo hakuna hewa ya kupanda, na joto husafiri kila upande, kutoka palipo na joto zaidi kwenda palipo na joto pungufu, iwe ni juu, chini au ubavuni. Na hata tukiikubali hoja hiyo kama ilivyo, inajisuta yenyewe: ikiwa joto hupanda, basi joto la ardhini litapanda kwenda wapi kama si kwenye chumba cha samaki kilichoketi juu yake?

Ardhi, ukichimba mita chache, huwa na joto linalokaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali hapo. Kwa Dar es Salaam wastani huo ni kama nyuzi 26, na joto hilo la ardhini halibadiliki sana kati ya kipupwe na kiangazi. Vigae huonekana baridi kwa sababu ngozi ya binadamu ina joto la nyuzi thelathini na kitu, nacho kigae hulinyonya joto hilo upesi. Mkeka uliotandikwa kando yake una joto lilelile, ila haulinyonyi kwa kasi hiyo, ndiyo maana hatusemi kwamba mkeka ni baridi. Mguu haupimi joto la sakafu. Hupima kasi ambayo sakafu inaunyang'anya joto. Samaki waliogandishwa huhifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri au pungufu ya hapo. Tukichukua chumba cha nyuzi 20 chini ya sifuri, kati ya samaki na udongo ulio chini yao kuna tofauti ya nyuzi 46. Kwa chumba hicho, ardhi yetu ni jiko lisilozimwa usiku wala mchana.

Ili kuelewa jinsi sakafu ya namna hii inavyotakiwa kujengwa, inasaidia kutazama nchi za baridi kali, ambako wamelikabili tatizo hilohilo likiwa limepinduliwa. Huko Kanada au Norway, mwenye karakana ya magari au ya useremala huzika mabomba ya plastiki ndani ya zege la sakafu na kupitisha humo maji ya moto kiasi, ili sakafu yenyewe iwe chanzo cha joto la jengo. Zege likiwa na nyuzi 30 na udongo wa chini ukiwa na nyuzi 8, tofauti ni nyuzi 22, yaani chini ya nusu ya ile ya chumba chetu cha samaki. Hata hivyo hakuna mjenzi makini wa kule atakayemwaga zege hilo bila kutandaza kwanza mabamba ya polistirini (plastiki nyepesi ya povu), aghalabu ya unene wa sentimita 5, na kuyapandisha ubavuni mwa zege pia. Ubavuni ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa wakati wa majira ya baridi ukingo wa sakafu ya nyuzi 30 huweza kutazamana na hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri, ilhali sehemu ya katikati inatazamana na udongo uliotulia. Ikiwa wao wanahami sakafu kwa ajili ya nyuzi 22, sisi wa nyuzi 46 hatuna sababu ya kuiacha tupu.

Tofauti hiyo inaweza kugeuzwa kuwa uniti za umeme. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, kiasi kinachomtosha mfanyabiashara anayenunua samaki soko la Feri alfajiri na kuwasambazia wenye hoteli na migahawa. Zipo kanuni za kihandisi za kukadiria joto linalopita kati ya sakafu na ardhi, zikizingatia eneo la sakafu, urefu wa kingo zake na aina ya udongo. Kwa udongo wenye unyevu wa kutosha, sakafu ya zege tupu ya chumba hicho huingiza takribani wati 53 kwa kila mita ya mraba, yaani kama wati 1,060 kwa sakafu nzima. Ukiweka sentimita 10 za poliyurethani, aina nyingine ya plastiki ya povu, ambayo hupitisha joto mara sitini hivi pungufu ya zege, kiasi hicho hushuka hadi wati 9 kwa mita ya mraba, au wati 180 kwa sakafu nzima. Kwa siku moja joto linaloingia kupitia sakafu tupu ni sawa na uniti 25. Mtambo wa kugandisha, katika hewa ya joto kama ya hapa, unaweza kuhamisha uniti moja na nusu ya joto kwa kila uniti moja ya umeme inayokatwa kwenye LUKU. Kwa hiyo sakafu tupu peke yake hula uniti zipatazo 17 kila siku, na ile iliyohamiwa hula 3. Haya ni makadirio, na udongo mkavu ungepunguza pengo kidogo, lakini udongo mkavu ni bidhaa adimu kuanzia Machi hadi Mei.

Kuhusu nyenzo, mtu ana uchaguzi wa namna tatu. Kuna polistirini nyeupe yenye chembechembe, ileile ya maboksi ya kubebea samaki, ambayo ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu. Kuna polistirini ngumu isiyoonyesha chembe, ambayo kwa kawaida hutiwa rangi ya buluu, waridi au kijani. Hii hustahimili maji vizuri zaidi. Kisha kuna poliyurethani, ambayo huhami kuliko zote kwa unene uleule, lakini ikikatwa na kuachwa wazi kwenye unyevu huanza kunywa maji. Mimi kwa sakafu ningechagua ile ya pili kila mfuko unaporuhusu, kwa sababu sakafu ni mahali ambapo kosa halionekani wala halirekebishiki bila kuvunja. Wanaoitumia poliyurethani chini ya zege hawakosei, mradi wawe waangalifu mara mbili na maji. Sponji ya godoro haimo katika orodha hii, ingawa nimewahi kuonyeshwa imetumika.

Fundi mwenye uzoefu wa nyumba za kawaida atauliza swali la haki: zege lenye mzigo litakaaje juu ya kitu kinachobonyea kwa kidole? Jibu liko katika hesabu ya uzito uliotawanywa. Katoni za samaki waliogandishwa zikipangwa hadi mita 2 hufikisha kama tani 1.4 kwa mita ya mraba, ambayo ni shinikizo la kilopaskali 14. Mtu wa kilo 80 akisimama kwa miguu miwili hukandamiza nyayo zake kwa takribani kilopaskali 20. Polistirini nyeupe ya daraja la kawaida la sakafu hupimwa kwa kilopaskali 100 kabla ya kubonyea asilimia 10 ya unene wake, na ile ngumu ya rangi hufikia 300. Kwa mzigo wa miaka mingi mhandisi hutumia sehemu ndogo tu ya namba hizo, pengine theluthi moja, na bado nafasi inabaki. Kinachovunja sakafu za namna hii ni mguu wa rafu ya chuma au gurudumu la foko (gari la kuinulia mizigo) lililobeba mzigo wote katika eneo dogo, na dawa yake ni zege la sentimita 10 hadi 12 lenye wavu wa nondo, ambalo huupokea mzigo huo na kuutandaza kabla haujafika kwenye bamba.

Joto ni nusu moja ya kazi. Nusu ya pili ni mvuke, na hapa ndipo mazoea mema ya fundi wa nyumba yanapogeuka kuwa kosa. Katika nyumba ya kawaida nailoni hutandikwa moja kwa moja chini ya zege la sakafu ili unyevu wa ardhini usipande. Katika karakana ya Kanada pia nailoni inaweza kukaa hapo, kati ya zege na kihami, na ikatulia, kwa sababu zege ndilo upande wenye joto. Chumba cha kugandishia kinadai kinyume. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 ina mvuke wenye shinikizo la kilopaskali 3.2 hivi, na udongo wenye unyevu uko karibu na kiwango hicho. Ndani ya chumba cha nyuzi 20 chini ya sifuri shinikizo la mvuke ni kama kilopaskali 0.1, yaani pungufu mara thelathini. Mvuke husukumwa kutoka nje kuingia ndani mwaka mzima, bila msimu wa kupumzika ambao nchi za baridi huupata majira yanapogeuka.

Kwa hiyo nailoni sharti iwe upande wenye joto, maana yake chini ya kihami. Ikiwekwa juu yake kwa mazoea ya nyumba, mvuke utaingia ndani ya mabamba, utakutana na baridi, utageuka maji kisha barafu, na barafu hupitisha joto zaidi ya mara sitini kuliko polistirini kavu. Mtambo utafanya kazi muda mrefu zaidi, mwenye chumba atalalamikia gesi, fundi wa majokofu ataongeza gesi, na chini ya miguu yao tatizo litaendelea kunenepa. Kutoka chini kwenda juu mpangilio unakuwa hivi: udongo ulioshindiliwa na kupigwa dawa ya mchwa, kwa kuwa mchwa hutoboa polistirini na kufanya njia ndani yake ingawa haiwalishi, kokoto au mchanga mnene, zege jembamba la kusawazisha, nailoni ya mikroni 250 au zaidi, ambayo mafundi huijua kama geji 1000, ikiwa na miungano inayopishana kwa upana wa kutosha na kugandishwa kwa tepu, mabamba ya kihami katika safu mbili, viungio vya safu ya juu visiangukie juu ya vile vya chini, nailoni nyepesi ya kuzuia uji wa saruji usipenye kati ya mabamba, halafu zege lenye nondo. Nailoni ya chini hupandishwa ukingoni na kuungana na bati la nje la paneli za ukuta, ili chumba kizima kiwe kama kimetiwa ndani ya mfuko mmoja. Atakayetumia lami badala ya nailoni aangalie aina yake, kwani lami iliyoyeyushwa kwa mafuta hula polistirini, na ile inayomwagwa ikiwa ya moto huiyeyusha.

Sasa tufike kwenye jambo linalowashangaza watu zaidi, nalo ni kwamba maghala makubwa ya kugandishia, hata katika nchi za joto, huwekewa vipashio chini ya sakafu. Kihami hakizuii joto kupita. Hukipunguza kiasi kinachopita. Ardhi iliyo chini ya chumba hupoteza joto kidogo kidogo, na ikiwa haipati jingine kutoka pembeni, itapoa mwaka baada ya mwaka mpaka ifike sifuri. Maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda hutanuka kwa asilimia 9, lakini kutanuka huko si sababu kuu ya sakafu kuinuka. Mjiolojia wa Marekani Stephen Taber alilithibitisha hilo katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1929 na 1930: aliujaza udongo benzini ya maabara, kimiminika ambacho husinyaa kinapoganda, na udongo ukainuka vilevile. Kinachotokea ni kwamba sehemu inayoganda huvuta maji kutoka chini kupitia vinyweleo vya udongo, kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta, na maji hayo hugeuka tabaka za barafu safi zinazoongezeka unene na kulisukuma zege juu. Sakafu hupasuka, milango hukataa kufunga, nguzo huinuka.

Udongo unaofaa kwa balaa hilo ni ule wa chembe laini, kwa kuwa ndio wenye vinyweleo vyembamba vya kuvuta maji. Mchanga safi wa pwani hauna hatari kubwa. Udongo wa mabondeni unayo, na hata kiwanja cha mchanga kinaweza kuipata kupitia kifusi chenye vumbi la mfinyanzi kilicholetwa na malori, jambo ambalo huwa halikaguliwi kabisa.

Je, kila mwenye chumba anahitaji kipashio? Hapa ukubwa wa sakafu ndio unaoamua. Joto la ardhi huingia chini ya chumba hasa kutokea pembeni, kwa hiyo chumba kidogo hulishwa joto upesi na kingo zake, ilhali katikati ya ghala pana pako mbali na msaada. Kwa chumba chetu cha mita 5 kwa 4 chenye sentimita 10 za poliyurethani, udongo ulio chini ya kihami hutulia kwenye wastani wa nyuzi 21 hivi, hautaganda kamwe. Ghala la mita 50 kwa 50 lenye kihami kilekile hufika wastani wa sifuri, na katikati yake hushuka chini ya hapo. Muuza samaki wa Kigamboni hana haja ya kununua kipashio, na anayemwambia vinginevyo anamuuzia hofu. Mwenye ghala kubwa karibu na bandari asipokiweka anacheza kamari na jengo zima.

Hapo ndipo chumba cha Dar es Salaam na karakana ya Kanada vinapokutana tena, kila kimoja kikiwa na mabomba sakafuni: kule mabomba ya joto yako juu ya kihami, ndani ya zege, hapa yako chini yake, upande wa udongo. Kupasha kwenyewe hakuhitaji kuwa kwa gharama. Hewa yetu ya nyuzi 25 au 30 inatosha, ikipitishwa kwenye mabomba mapana ya plastiki yaliyozikwa chini ya zege la kusawazisha na kufunguka pande zote mbili za jengo, au jengo likiinuliwa juu ya vinguzo ili upepo upite chini yake. Mabomba hayo yawe na mteremko, kwa sababu hewa hiyo yenye unyevu itatoa umande ndani yake na umande lazima upate pa kutokea. Midomo yake iwe na wavu wa kuzuia panya, na iwe juu ya kiwango ambacho maji ya mafuriko hufika mtaani hapo. Bomba lililojaa maji na matope halipitishi upepo tena. Pale ambapo hewa haiwezi kupita, joto ambalo mtambo wa kugandisha hulitupa nje linaweza kurudishwa chini ya sakafu kupitia mabomba ya maji yaliyochanganywa na glaikoli, kimiminika kinachozuia maji yasigande.

Mlangoni panahitaji jicho la peke yake. Zege la ndani likiunganishwa na la nje bila mkato, ubaridi hutambaa hadi nje, na kwa hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 sehemu yoyote iliyo chini ya nyuzi 25 hutoa jasho. Ndiyo ile dimbwi ndogo isiyokauka mbele ya mlango, ambayo wengi huidhania ni maji ya samaki. Mkato wa kihami kigumu chini ya kizingiti, upana wa sentimita chache, huitibu.

Zege lililo juu ya kihami lina faida ambayo mwenye LUKU ataithamini umeme unapokatika. Kwa chumba chetu, zege la sentimita 10 lina uzito wa kama tani 4.8, na ili lipande nyuzi 5 linapaswa kupokea joto la karibu uniti 6. Chumba kikiwa kimehamiwa vizuri pande zote na mlango umefungwa, joto hilo ni sawa na linaloingia kwa muda wa saa sita hivi, kabla hata ya kuwahesabu samaki wenyewe. Zege lilelile likikaa moja kwa moja juu ya udongo lingekuwa upande wa adui.

Zege jipya lisubiri siku 28 kabla ya mtambo kuwashwa, kisha joto lishushwe kwa hatua, nyuzi chache kwa siku, likisimama juu kidogo ya sifuri kwa siku moja au mbili ili unyevu uliobaki utoke. Kutoka nyuzi 30 hadi 20 chini ya sifuri, zege la mita 5 husinyaa milimita 2.5, likilazimishwa kusinyaa kwa usiku mmoja hupasuka. Na kabla ya kulimwaga, mwenye ghala kubwa aache kipimajoto kidogo chenye waya chini ya kihami, katikati ya sakafu, waya ukitokeza ukutani. Kisomwe mara moja kwa mwezi na kuandikwa kwenye daftari. Namba ikishuka mwezi hadi mwezi na kukaribia nyuzi 4, midomo ya mabomba ya hewa ikaguliwe siku hiyohiyo.